Ndege yetu ilighairi kutua Heathrow: nani alituweka mbali na ile iliyokuwa inaruka?

NuruReading:

Habari zenu wapendwa. Wanaojua mambo ya anga naomba mnisaidie, maana mume wangu kila nikimuuliza ananijibu "ni kawaida hiyo", na mimi sijaridhika.

Wiki iliyopita nilikuwa natoka Nairobi narudi huku Reading. Ilikuwa saa kumi na kitu jioni, anga safi, mawingu ya kuhesabika. Nimekaa dirishani upande wa kulia. Tumeshuka vizuri, magurudumu yametoka, naona mapaa ya nyumba, naona mpaka magari yaliyosimama kwenye taa. Mara injini zikanguruma, pua ikainuka, mgongo ukabanwa kwenye kiti, tukaanza kupanda upya. Hakuna aliyesema neno. Mhudumu aliyekaa ananitazama alikuwa ameweka mikono mapajani, katulia tuli, nami namkodolea macho nijue kama nianze kupiga dua au la.

Lakini kilichonitisha si kule kupanda. Upande wangu, kwenye ile njia ya pili ya kurukia, kulikuwa na ndege kubwa ndiyo kwanza inanyanyuka. Tukawa hewani zote mbili, tunaelekea upande mmoja, na kwa macho yangu ilikuwa karibu mno. Rangi ya mkia wake naiona vizuri. Kisha yetu ikalalia kushoto, ile ikanipotea. Zikapita kama dakika mbili ndipo kapteni akatangaza kwamba ndege iliyotutangulia imechelewa kutoka njiani, tutazunguka turudi. Tukazunguka, tukatua, watu wakapiga makofi, tukashuka.

Niliiandikia kampuni ya ndege. Jibu lao lilikuwa kunishukuru kwa kuwachagua.

Ninachotaka kujua: ile sekunde mambo yalipobadilika, nani alijua? Ile ndege nyingine iliambiwa? Na kapteni alikuwa anafanya nini muda wote huo bila kutuambia kitu?

KijanaWaHounslow:

Pole dada Nuru. Mimi naishi chini ya njia hiyo. Nikiwa na nafasi huwa nakwenda Myrtle Avenue, kile kipande cha majani karibu na stesheni ya Hatton Cross ambako wapenzi wa ndege hukaa na kamera na chai zao za chupa. Zinazotua 27L (hilo ni jina la njia mojawapo ya kurukia) zinapita juu ya kichwa, unasoma namba za usajili bila darubini. Kughairi kutua tunakuona. Si kila ukienda, lakini si kioja. Wenye kamera hushangilia maana ni picha adimu.

Kwa ulivyoeleza, mlikuwa mnatua 27L, ile ya kusini, na uliyoiona ilikuwa inaruka 27R, ya kaskazini. Heathrow ina njia mbili zilizolala sambamba, kati yake mita 1,415. Kwa kawaida moja ni ya kutua na nyingine ya kuruka, na upepo ukitoka magharibi, ambao ndio mwingi hapa, saa tisa alasiri zinabadilishana ili wakazi wa upande mmoja wapumue kelele. Kuna ukomo wa kuruka na kutua 480,000 kwa mwaka, na uwanja unaishi karibu na ukomo huo. Hakuna nafasi ya kuchezea.

Jicho nalo linadanganya. Boeing 777-300ER ina urefu wa karibu mita 74. Ukiitazama kutoka kilomita moja na nusu, na hakuna kitu kingine hewani cha kuilinganisha nacho, utaapa iko mlangoni.

Ningekuambia pia walichosemezana kwenye redio, ila hapa Uingereza kusikiliza redio ya waongoza ndege bila kibali ni kosa kisheria. Wenzetu wa Marekani wanasikiliza mtandaoni wakiwa kitandani, sisi tunaangalia vitone tu kwenye simu.

Haya mengine tumngoje Mzee wa Rada. Mzee, shikamoo, uko wapi?

MzeeWaRada:

Marahaba kijana. Nimestaafu, niko zangu Likoni, lakini habari za kutenganisha ndege zikitajwa siwezi kunyamaza. Heathrow sijafanya kazi. Nilisomea Embakasi na nikakaa kwenye rada ya Nairobi, upande wa ndege zinazoingia. Ila kanuni za msingi ni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zile zile kwa wote, na Waingereza wana nyongeza zao nitakazozitaja.

Bi Nuru, watu wakisimulia ndege iliyoghairi kutua huanza na mngurumo wa injini. Mimi naona hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Rubani anabonyeza kitufe, injini zinachukua nguvu, pua inainuka, mwenzake akithibitisha ndege inapanda magurudumu yanaingizwa. Wamefanya hivyo kwenye mashine ya mazoezi mpaka wamechoka. Kazi iko chini. Ile anga iliyo mbele, kuanzia pale lami inapoishia, ina wenyewe: ni ya ndege zinazoruka. Mipango ya siku nzima imejengwa kwa kuamini kwamba inayokuja itatua na itabaki chini. Ikighairi, inaingia kwenye anga ya mwenzake bila hodi.

Kwanza nieleze kwa nini nafasi ilikuwa finyu hivyo. Ndege za Heathrow husubiri kwenye vituo vinne vya angani: Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin. Zinazunguka pale moja juu ya nyingine, futi 1,000 kati yake. Anayezichomoa mojamoja hayuko hata Heathrow, yuko Swanwick, Hampshire, ndani ya chumba cha rada. Anazipanga mstari mmoja kwa kuzipa mielekeo na mwendo: noti 220, kisha 180, kisha 160 mpaka zibakize maili nne. (Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa.) Huo mwendo ni amri. Mmoja akipunguza mapema kwa starehe yake, wa nyuma wote wanambana. Kati ya ndege na ndege aache angalau maili 3, na karibu na uwanja, masharti yakitimia, 2.5. Ya mbele ikiwa nzito anaongeza, kwa sababu ncha za mabawa huacha nyuma hewa inayojisokota, na hewa hiyo inaweza kuipindua ndogo. Kwa vipimo vya ICAO, nzito ikifuata nzito mwenzake ni maili 4. Ya kati ikifuata nzito ni 5. Nzito ni kuanzia kilo 136,000. A380 imetengewa kundi lake peke yake, na wanaoifuata wanaachwa mbali zaidi.

Sasa chukua maili 2.5 kwa mwendo wa noti 140. Ni sekunde 64. Ndani ya sekunde hizo 64 ndege iliyotangulia inagusa lami, inafunga breki, inatafuta pa kutokea, inakata kona na kuutoa mkia wake wote nje. Rubani akiipita njia ya kwanza ya kutokea akaenda mpaka ya pili, sekunde zimekwisha, na hakuna aliyefanya kosa.

Siku za upepo mkali wa mbele huwa kinyume. Ndege zinakwenda polepole juu ya ardhi, maili zile zile zinachukua muda mrefu, zinazotua kwa saa zinapungua na vituo vya kusubiri vinajaa. Mwaka 2015 Heathrow wakaanza kupanga nafasi kwa sekunde: upepo ukiwa mkali maili zinapunguzwa ili muda ubaki ule ule, na upepo huo huo unaisambaza ile hewa iliyojisokota. Ni akili nzuri. Ningeipata zama zangu ningelala vizuri zaidi.

Kuna tofauti nyingine ya kujua. Marekani mnara unaweza kukupa ruhusa ya kutua ukiwa wa tatu kwenye foleni, kwa kutarajia kwamba utakapofika njia itakuwa wazi. Uingereza ruhusa husubiri njia iwe wazi kweli, au mchana kweupe rubani aambiwe atue nyuma ya aliyetangulia maadamu anamwona. Kwa hiyo si ajabu rubani wenu alifika futi mia kadhaa kutoka ardhini bado hajaruhusiwa. Ama aliambiwa aghairi, ama alighairi mwenyewe. Haki hiyo wanayo wote wawili, na rubani akishasema anapanda, mnara haubishani naye wala haumuulizi sababu. Sababu zitaandikwa baadaye.

Tuje kwenye ndege ya kulia kwako. Uwanja unapotumia njia mbili sambamba, moja ya kutua na moja ya kuruka, ICAO inataka mambo mawili. Njia ziachane angalau mita 760. Heathrow ni karibu mara mbili ya hapo. Na ndege inayoruka, ikishaacha ardhi tu, mwelekeo wake upishane kwa angalau nyuzi 30 na ule wa ndege itakayoghairi kutua upande wa pili. Angalia hilo neno "itakayoghairi". Si iliyoghairi leo. Kila ndege inayoondoka pale inaondoka ikiwa imepangiwa kumkwepa mtu ambaye huenda asitokee. Kulalia kwenu kushoto kulikuwa ni kuendelea kuachana na ile, maana njia ya wanaoruka iko kulia. Ulichokiona dirishani ni zile sekunde chache kabla pembe haijafunguka vizuri.

Ila mwelekeo ulioandikwa kwenye ramani hautoshi, ndiyo maana mnarani kuna mtu. Anazuia inayofuata isiruke. Anaitazama iliyokwisha ruka iko wapi. Anaiambia yenu ipande mpaka futi ngapi na ielekee wapi, na wakati huo huo anawaarifu Swanwick kwamba mmoja anarudi kwao. Swanwick nao watafute pengo kwenye mstari waliokwisha ubana. Kuna ndege maili kumi na kitu nyuma yenu ilipewa kona ndefu ya ghafla, na abiria wake hadi leo hawajui kwamba walikuwa wanawapisha ninyi.

Nairobi tuna njia moja, 06/24, ndefu kupita kilomita 4, ya kutua na kuruka humo humo. Kwenye kioo cha rada kila ndege ina kibandiko chake: jina, kimo chake juu ya usawa wa bahari kwa mamia ya futi, na mwendo. Uwanja wenyewe uko kwenye futi 5,330, kwa hiyo ndege ikikaribia lami namba inashuka hivi: 060, 058, 056. Picha hujisasisha kila baada ya sekunde chache. Unageuka kumjibu mwingine, unarudi: 056. Haijashuka. Unangoja mzunguko mmoja tu: 059. Redio bado kimya, lakini wewe umeshajua, na mkono umeshafika kwenye simu ya mnara. Rubani anapokuja kusema "tunapanda", mwelekeo wake uko tayari mdomoni mwako.

Ukimya wa kapteni nao una kanuni yake: kwanza endesha ndege, pili jua unakokwenda, tatu ndiyo uongee. Na kwenye hiyo ya tatu abiria ndio wa mwisho, baada ya mnara, baada ya Swanwick, baada ya kupanga upya kompyuta ya safari. Dakika mbili ni haraka. Mimi kapteni anayetangaza baada ya sekunde kumi ndiye ningemtilia shaka.

NuruReading:

Shikamoo Mzee. Nimemsomea mume wangu yote, kanyamaza. Hizo nyuzi 30 ndizo nilizokuwa nazitafuta, maana nilidhani mtu alikurupuka na kutuokoa kwa bahati.

Lakini umenizalia swali jingine. Uwanja wa njia moja, kama hiyo Nairobi au Zanzibar, hakuna cha kulia wala kushoto. Inayoruka iko mbele yako, mstari huo huo. Inakuwaje? Na mafuta je, ukizungushwa mara mbili tatu?

RubaniWaCaravan:

Dada Nuru, Zanzibar ndiyo ofisini kwangu. Naendesha Caravan, kiinjini kimoja mbele, abiria 12, Dar na Unguja na Arusha kutwa.

Njia yetu ni moja, 18/36. Njoo asubuhi msimu wa watalii: Caravan tatu zimefuatana kutoka Dar, kuna ATR, ndege ya abiria ya mapangaboi, inaomba kuingia, kuna ndege ndefu kutoka Ulaya iko nje inashuka. Mimi mwishoni kabisa nataka noti 80, Boeing inakuja na 140. Mwongoza ndege ana hiari mbili. Akuambie ubaki na mwendo mkubwa mpaka karibu na lami kisha utoke haraka, au akupeleke ukazunguke juu ya bahari uipishe. Hiyo ya pili naichukia, si kwa sababu ya usalama, ni kwa sababu abiria wakiona mzunguko wa pili wanaanza kutazamana halafu wote wananitazama mimi. Caravan haina mlango wa kujifichia.

Nayo ikishapita, siwezi kuiingilia mgongoni. Caravan haifiki kilo 7,000, kwa hiyo iko kundi jepesi, na 737 ni ya kati. Naachiwa maili 5. Kuna siku moja hewa imetulia kabisa, hakuna upepo wa kuipeperusha ile misokoto, nikaikuta hata kwa umbali huo. Bawa moja lilizama, nikalirudisha, likazama la pili. Ni ngalawa iliyopitiwa na boti ya Dar, basi.

Sasa hilo la mbele yako. Mchana kweupe mwongoza ndege anatuona sote kwa macho kutoka mnarani, na kanuni inamruhusu atutenganishe kwa macho yake, karibu kuliko ambavyo rada ingekubali. Nikighairi naambiwa kuna ndege inaruka mbele yako, kaa kushoto, unaiona? Nikisema naiona, nakaa pembeni yake mahali ambapo itabaki dirishani kwangu. Kosa ni kupita juu yake. Aliye chini ya tumbo lako humwoni, na yeye anapanda.

Macho yana kikomo lakini. Asubuhi ya tarehe 5 Machi 2024, Dash 8 ya abiria iliyotoka uwanja wa Wilson, Nairobi, na Cessna ya mafunzo ziligongana angani jirani na uwanja. Wawili waliokuwa kwenye Cessna walifariki. Dash 8 ilirudi ikatua salama.

Mafuta: ndege ya abiria ya injini za jeti huondoka na ya safari, ya ziada kidogo kwa yasiyotarajiwa, ya kwenda uwanja mbadala, na baada ya hayo yote dakika 30 za kuzunguka ambazo hutakiwi kupanga kuzitumia. Kughairi mara moja hakumtoi mtu jasho. Ya pili, kapteni ameshaanza kupiga hesabu. Ya tatu, wengi wameshageuza kwenda kwingine.

Na mimi ningependa ziwe nyingi zaidi. Flight Safety Foundation, shirika la usalama wa anga, walichunguza wakakuta kwamba katika ndege zinazokuja kutua hazijatulia, yaani ziko juu mno au zina mwendo kupita kiasi, zinazoghairi ni asilimia 3 hivi. Nyingine zote zinalazimisha. Rubani anayewarudisha hewani watu 200 waliochoka anajua atanuniwa, na baadhi ya wanaoogopa kununiwa ndio wanaoishia kwenye majani mwisho wa lami.

KijanaWaHounslow:

Sasa mbona yote haya yanategemea mtu wa mnarani anaona? Hapa Novemba ukungu ukishuka mimi sioni hata uzio wa uwanja, na niko nje ya uzio.

MzeeWaRada:

Hapo umegusa penyewe.

Austin, Texas, tarehe 4 Februari 2023, asubuhi kabla ya jua. Ukungu mzito, mnara hauioni njia. FedEx 1432, Boeing 767 ya mizigo, inakuja kutua 18L na imesharuhusiwa. Southwest 708, Boeing 737 yenye abiria, inaomba kuruka kwenye njia hiyo hiyo. Mwongoza ndege anairuhusu wakati 767 iko maili tatu na kidogo nje, akitarajia itaondoka mara moja. Haikuondoka mara moja. Baridi ilikuwa ya kugandisha, na marubani walisimama kwanza njiani kuzipa injini moto. Rudini kwenye hesabu yangu: maili 3 kwa noti 140 ni sekunde 77.

Uwanja ule haukuwa na rada ya kuonyesha ndege zilizoko ardhini. Kwa hiyo mnarani alikuwa na masikio tu. Marubani wa FedEx ndio waliokuja kuiona 737 chini yao ndani ya ukungu. Wakaghairi, wakaiambia Southwest kwa redio isiruke. Southwest ikaendelea kuruka. Zikawa juu ya lami moja, moja juu ya nyingine, na uchunguzi wa NTSB, wachunguzi wa ajali wa Marekani, ukakuta pengo lilikuwa chini ya futi 200. Mabawa ya 767 yenyewe, ncha kwa ncha, ni futi 156. Hakuna aliyeumia.

Kughairi ndiko kulikookoa watu wale. Lakini ni kughairi huko huko kulikoziweka ndege mbili hewani mahali pamoja. Mchana kweupe mwongoza ndege angeziona na kuzigawa, moja kushoto moja kulia, kama Rubani wa Caravan alivyosema. Ile ruhusa aliyoitoa ingebanana hata siku ya jua; ndani ya ukungu haikuwa na pa kutokea. Ndiyo maana London ukungu ukishuka wanapanua nafasi kati ya ndege, zinazotua kwa saa zinapungua, safari zinafutwa, na watu wanatukana kwenye simu. Mimi nikisikia zimefutwa kwa ukungu nasema vyema.

Kuna mtego mwingine ambao ukungu haumo kabisa. Njia mbili za lami hazikatani, lakini ukizirefusha kwa mawazo kwenda angani zinakatana. Moja inatua, nyingine inaruka, kila moja na mambo yake, mpaka inayotua ighairi. Hapo zinakutana kwenye njia panda isiyokuwapo ardhini. Julai 2013 NTSB waliwaandikia FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, wakitaja matukio ya namna hiyo Las Vegas, Charlotte na JFK, New York. Walitaka kanuni itenganishe inayoruka na ile inayoweza kughairi, si na inayotua peke yake. FAA wakabadilisha. Kwa hiyo zile nyuzi 30 zilizomfurahisha Bi Nuru wengine walikuwa nazo kwa njia sambamba tu, na kwa njia za pembe walimwachia Mungu na mwenye kipaza sauti.

Mwalimu_Moshi:

Nimesoma kimya kimya tangu juu. Mzee, redio ikifa katikati ya hayo yote je?

MzeeWaRada:

Mwalimu, kila ramani ya kutua ina njia ya kughairi iliyochapwa tayari: panda mpaka hapa, kata wapi, nenda kazunguke wapi. Marubani wanaisoma kabla hawajaanza kushuka, hata kama anga haina wingu. Redio ikifa, rubani anaweka namba 7600 kwenye transponda, kile kifaa kinachoitambulisha ndege kwa rada, na kwenye kioo cha rada inajitokeza yenyewe. Hapo mimi nachukulia anafuata njia iliyochapwa, na nazihamisha nyingine zimpishe yeye, maana ndizo zinazonisikia.

Akirudi karibu na uwanja, mnarani kuna taa ya mkononi yenye mwanga mkali, anaelekezewa yeye. Kijani isiyokatika: tua. Nyekundu isiyokatika: mpishe mwenzako, endelea kuzunguka. Nyekundu ya kumwekamweka: uwanja si salama, usitue.